Weka Fedha Kwanza

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje na vile viti virefu vya maabara? Huku wote tupo, tunapumua. Mama anakusalimu, anasema usijifanye umesahau kula mchana. Kifaranga naye angekusalimu kama mdomo wake ungejua kazi nyingine zaidi ya kulia. Tangu maziwa ya Mama yapungue tunamwongezea ya kopo, na mkuu wa chupa ni mimi: nachemsha maji, napima vijiko, natikisa, natonesha mkononi nione kama yamepoa. Mama anasema nina mkono wa baba yangu. Nilifurahi, nikajifanya sijasikia.

Najua ungependa nikupigie simu kama watoto wa watu wengine. Juzi Mama alinipa simu ukiwa hewani, maneno yote yakakimbilia tumboni, nikabaki kusema "eeh" na "eeh". Kwa hiyo nivumilie na barua. Dereva wa gari lenu la sampuli anazichukua bila tabu, ila lazima anitanie: "Leo tena? Simu yenu imekufa mkaizika?"

Kazi yako nimeianza. Ile njia ya zamani ya kupima naitreti kwenye maji uliyonipa niigeuze Kiingereza, nimefika ukurasa wa pili. Mzee aliyeiandika alikuwa na Kiswahili kizuri lakini mchoyo wa maneno. Anasema "kausha", hasemi juu ya nini wala kwa muda gani. Nimejaza alama za kuuliza pembeni.

Kuna kifungu kimenishinda, cha sita. "Maji yakiwa na chumvi, weka fedha kwanza, ndipo ukaushe." Kando yake mtu mwingine ameandika kwa kalamu: "Hii ipelekwe dirishani." Dirisha gani? Na kwa nini wenye maji ya chumvi walipe kwanza? Maji yetu ya uani yana chumvi kidogo. Sisi tulilipa kwanza? Nauliza tu, Baba, nijue niandike nini.

Cheti chako bado kipo ukutani kwenye pampu, ndani ya nailoni. "Yanafaa kwa matumizi yote ya nyumbani", na sahihi yako ile yenye mkia. Wanaokuja kuteka hukisoma kwa sauti kana kwamba watatahiniwa.

Mwanao,
Kimya


9 Machi

Kimya wangu,

Marahaba, marahaba tena. Mgongo bado ni wangu, haujanikana. Mwambie Mama jana nimekula, na aliyeniona yupo.

Kurasa zako zimefika na zimenipa heshima nisiyostahili. Bosi alizisoma akiwa amesimama, akaniuliza, "Huyu mfasiri tumlipe kiasi gani?" Nikamwambia anakula kwangu, ameshalipwa.

Umeuliza pembeni kwa nini tunajisumbua kuhakiki upya njia ambayo imefanya kazi tangu kabla hujazaliwa. Ni kwa sababu kiwango cha sasa hakikubali mtu kusema "imefanya kazi". Kinataka uonyeshe. Tunachukua maji, tunatia naitreti ya kiasi tunachokijua, tunapima kana kwamba hatujui, halafu tunatazama njia imeturudishia kiasi gani. Ukitia mia ukarudishiwa tisini na nane, njia ni mwaminifu. Ukirudishiwa sitini, kuna mwizi humo ndani. Sisi tunarudishiwa tisini na nane kila tukijaribu. Maji yanakauka kwenye bakuli, tunatia asidi, tunatia amonia, rangi ya manjano inatokea safi kabisa, na kadiri ilivyokolea ndivyo naitreti ilivyo nyingi. Nimeanza kuipenda hii njia uzeeni.

Hiyo ya fedha isikuumize kichwa. Ni mambo ya dirisha la malipo. Wateja wengine hulipa wakija kuchukua majibu, wenye maji ya chumvi hulipa kabla. Nilipoajiriwa nilikuta hivyo. Karani husema chumvi inaharibu vyombo, kwa hiyo mtu aweke fedha mezani kwanza. Nakala yetu tunayofanyia kazi haina hata hicho kifungu, kiliondolewa zamani. Kwa Kiingereza andika malipo ya awali, ukipeleke mwisho kabisa kwenye mambo ya ofisi.

Wakaguzi wanakuja tarehe 14 Aprili. Wakituridhia tunapata ithibati. Wasiporidhika, majibu yetu hayatapokelewa popote, na sijui maabara itaishije. Kwa hiyo nimalizie, binti yangu.

Mbusu Kifaranga kwenye kisogo, kule anakochukia.

Baba yako


15 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya na usingizi wa kutosha. Sisi wazima, isipokuwa Kifaranga simwelewi vizuri.

Kazi yote hii hapa, imekwisha. Kifungu cha sita nimekipeleka mwisho kama ulivyoagiza.

Kifaranga ananyonya nusu chupa, anachoka, anaiacha. Zamani aliipigania. Na jana alipolia niliona midomo yake imekuwa kama ya mtoto aliyetafuna kalamu ya wino. Nilimwonyesha Mama. Alimfunika blanketi la pili, akasema ni baridi, na nisipende kutafuta magonjwa. Kwa hiyo sitafuti. Nakwambia tu.

Mwanao,
Kimya


20 Machi

Baba,

Shikamoo. Najua hujajibu ile nyingine. Hii usiisome mbele ya watu.

Mwalimu wetu wa kemia hutufundisha kwa Kiingereza na kutusimanga kwa Kiswahili. Jumatatu aliweka mbele yetu glasi mbili za maji, moja ya maji matupu, nyingine ya maji ya chumvi, na macho hayawezi kuzitofautisha. Akadondosha matone ya silva naitreti. Kwenye maji matupu hakuna kilichotokea. Kwenye ya chumvi likatokea wingu jeupe, zito, likaanza kuzama. "Chumvi imekamatwa hiyo," akasema. "Silva haiachi chumvi ipite. Na wewe huko nyuma, usinitolee macho, andika."

Wa huko nyuma ni mimi. Sikuandika. Unajua, Baba, kemia naijua kwa Kiingereza na maisha nayajua kwa Kiswahili, na hizo mbili kichwani mwangu huwa hazisalimiani. Ila tangu unipe ile kazi nimepata ugonjwa wa kugeuza kila neno. Nikajiuliza, silva kwa Kiswahili ni nini? Hata sikufikiri. Fedha.

Maji yakiwa na chumvi, weka fedha kwanza, ndipo ukaushe.

Mzee hakuwa anazungumza na mteja. Alikuwa anazungumza na wewe.

Baada ya kipindi nilimpa Mwalimu swali kwenye karatasi, maana mdomo ulikataa. Kama mtu anapima naitreti kwa kukausha na kutia asidi, na chumvi haijatolewa, inakuwaje? Alisoma, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza mwaka huu. Akasema chumvi ikikutana na ile asidi inaifukuza naitreti, sehemu yake inatoroka hewani kabla hujaipima. Unachosoma ni kidogo kuliko kilichokuwemo.

Nina mawili ya kukwambia, na yote mawili yananitia aibu. La kwanza, hayo yalikuwa Jumatatu na leo ni Ijumaa. Nimekaa nayo wiki nzima kwa sababu nani anamsahihisha baba yake, tena kwenye kazi yake? La pili, wiki hiyo nzima nimeendelea kutengeneza chupa za Kifaranga kwa maji ya uani.

Ulipopima maji yetu, mlitia silva?

Nijibu upesi, tafadhali. Nimesoma kwamba naitreti nyingi haiwaumizi wakubwa haraka, ila kwa mtoto mchanga inaizuia damu kubeba hewa, na mtoto anabadilika rangi.

Mwanao,
Kimya


23 Machi

Kimya,

Barua yako nimeipata.

Umeona matone mawili darasani na sasa unataka kubomoa kazi ambayo watu wazima wamejifunza na kuitenda kwa miaka. Nimekwambia njia inarudisha tisini na nane. Namba hazina heshima kwa mtu yeyote, na zimesema hivyo.

Jaza chupa moja kwenye pampu, ifunge vizuri, mpe dereva. Nitaipima mwenyewe. Mpaka hapo usimwambie Mama, ana mtoto mdogo na hahitaji hofu. Cheti usikiguse. Mtoto aendelee kama kawaida, maji yachemshwe sana.

Baba yako


28 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako haikunisalimu. Niliigeuza nyuma nione kama salamu imeandikwa huko.

Naandika nikiwa kwenye benchi la wodi ya watoto. Mama yuko ndani. Amekupigia mpaka simu imeishiwa chaji, na najua mnaacha simu makabatini mlangoni kabla ya kuingia kazini. Labda utaongea naye kabla dereva hajakufikia. Basi hii ikueleze yale ambayo Mama hataweza.

Chupa ya maji nilimpa dereva siku ileile barua yako ilipofika. Cheti sikukigusa. Nilinyamaza, unajua hiyo kazi naiweza. Lakini tisini na nane yako ilinikatalia usingizi. Ni tisini na nane ya maji gani? Nikarudi kwenye nakala yangu ya zile kurasa, penye majedwali yenu ya uhakiki. Mlitia naitreti kwenye maji yaliyokenekwa, haya ya betri. Hayana chumvi, Baba. Mwizi mlimtafuta kwenye nyumba ambayo hajawahi kuingia.

Na kuchemsha. Nilichemsha sana kama ulivyosema. Halafu nikaona ukoko mweupe kwenye sufuria. Maji yanaondoka na mvuke, vilivyomo vinabaki. Nilikuwa namkolezea.

Nikamwambia Mama. Alikuwa anakunja nguo za mtoto. Nilisema yote kwa mkupuo, nikitazama sakafu.

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Baba yako ametia sahihi pale kwenye pampu. Wewe umetia nini?"

Akaendelea kukunja nguo. Halafu Kifaranga akalia, na kilio kikakatika katikati, Mama akamgeuza, na sote wawili tukaona. Si midomo tu. Kucha. Masikio. Mama alichukua blanketi na kutoka, nami nikamfuata na viatu mkononi.

Nesi wa mapokezi alimsikiliza kifua. Safi. Akamuuliza Mama mtoto anakula nini, Mama akasema maziwa ya kopo. Maji mnatoa wapi? "Uani kwetu. Yamepimwa na maabara, baba yake ndiye mpimaji." Alisema kwa fahari, Baba, hata wakati ule. Nesi akaandika "maji salama", akageuza ukurasa.

Nikasema, "Hayakuwekwa fedha."

Nesi akacheka kidogo. "Mnadaiwa bili? Hapa hatuulizi mambo hayo, mdogo wangu."

"Si pesa. Fedha. Ile..." Maneno yakaanza safari yake ya kwenda tumboni. Mama alikuwa ananitazama kana kwamba nimemvua nguo hadharani. Nikafumba macho nikasema kwa Kiingereza, yote, silva, chumvi, naitreti, kwa sauti ambayo sijui ilitoka wapi, na foleni nzima ikageuka. Nilipofumbua macho nesi hakuwa anacheka. Alikuwa ameshamchukua Kifaranga mikononi, anatembea haraka, anamwita daktari.

Walimtoa damu. Niliiona kwenye kijichupa. Ilikuwa rangi ya chokoleti, na daktari aliipeperusha hewani ikabaki vilevile, haikugeuka nyekundu. Akasema dawa ipo ila waisubiri kutoka stoo. Wamemwekea hewa puani na sindano kwenye mguu kwa sababu mkononi mshipa haupatikani.

Nesi amepita sasa hivi. Nimemuuliza kama tumewahi. Amesema, "Tumpe usiku wa leo."

Kimya


6 Aprili

Mwanangu,

Sijui nikusalimu vipi, kwa hiyo nitaanza kwa kuuliza: umelala? Unakula? Kifaranga amenyonya chupa ngapi leo, na kwa maji ya nani? Mama alinitumia ujumbe wa maneno mawili, "Katolewa hewa": anapumua mwenyewe. Niliusoma mpaka mwenzangu akaninyang'anya simu.

Nilikuja wodini usiku Mama aliponipata kwenye simu, na nilipoondoka ulikuwa umelala na kichwa kwenye reli ya kitanda chake. Sikukuamsha. Niseme kweli, niliogopa ukifungua macho utaniuliza kuhusu ile chupa.

Ile chupa ilinifikia salama, Kimya. Niliiweka kwenye friji ya sampuli, rafu ya chini, na kila nilipofungua friji nilichukua kitu kingine. Nilijiambia ni kazi za wakaguzi. Haikuwa kazi. Kifuniko chake sikukigusa mpaka niliporudi kutoka kwenu.

Nimeipima mara mbili. Kwanza bila silva, kama tulivyozoea, na ikaniambia kile kile ilichoniambia nilipotia sahihi: chini ya kikomo, yanafaa. Halafu nikaazima silva salfeti chuoni, maana ile ya darasani kwenu ina naitreti yake yenyewe, nikaitia, chumvi ikaganda chini nikaichuja, ndipo nikakausha. Manjano yaliyotokea sijawahi kuyaona kwenye maji ya kunywa. Zaidi ya mara mbili ya kile cha kwanza. Nikatia naitreti ninayoijua kwenye maji ya chumvi bila silva, nione tunarudishiwa kiasi gani. Nusu. Nilirudia nikitumaini nimekosea, na mimi ni mtu ambaye kwa kawaida hurudia nikitumaini nimepatia.

Nikampelekea Bosi. Alisoma akiwa amekaa safari hii.

"Wakaguzi hawajauliza maji ya chumvi," akasema.

"Watauliza?"

"Wasipoonyeshwa, hapana. Tupite tarehe kumi na nne, halafu turekebishe polepole, bila kelele."

"Kuna visima vya chumvi wilaya nzima, na vyeti vyetu vimebandikwa juu yake."

"Na kuna watu wanaokula kwa maabara hii. Mmojawao ni wewe. Sahihi kwenye vyeti hivyo ni ya nani, yangu?"

Hapo alinigusa penyewe. Ni yangu, yote. Nilitoka, nikakaa kwenye gari la sampuli, dereva akazima redio bila kuambiwa.

Leo asubuhi nimeweka majedwali ya maji ya chumvi juu kabisa ya faili la wakaguzi, ukurasa wa kwanza, na nimeandika kwamba naondoa sahihi yangu kwenye uhakiki na kwenye vyeti vya maji yote yenye chumvi. Bosi amepewa nakala.

Nikuombe kitu kigumu, na najua namwomba nani. Kibandue kile cheti. Usimtume mtu. Na ukiwa pale, usisubiri watu waondoke, waambie. Waambie ni baba yako aliyekosea, na wenye watoto wachanga wasitumie maji hayo kwa maziwa, hata yakichemshwa. Ningekuja mwenyewe, lakini nikiondoka hapa kabla ya tarehe 14, hilo faili halitabaki lilivyo.

Kuhusu barua yangu ya Machi 23, nimejaribu kuandika samahani yake mara kadhaa na kila moja inaanza kunitetea mimi. Nikiipata isiyonitetea, nitaituma.

Baba yako


17 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo, mara mbili, moja ni ya ile barua iliyopita ambayo sikuijibu kwa sababu nilikuwa nafanya ulichoniomba na kilichukua ujasiri wangu wote, wa kuandika nao ukaisha.

Nilienda asubuhi, saa ya foleni. Nikang'oa nailoni. Misumari ililia vibaya. Mama mmoja, yule anayeuza mkaa, akaweka ndoo chini.

"Wee, nani kakutuma?"

"Baba."

"Si ndiye aliyekibandika?"

"Ndiye."

"Na sasa kasemaje?"

Nikasema. Waliokuwa nyuma wakaniambia niongeze sauti, nikaongeza. Kuna aliyenitukana. Kuna aliyesema mnataka kuuza maji ya chupa. Mmoja mwenye mimba kubwa aliniomba nirudie ile ya kuchemsha, nikairudia, akamwaga ndoo yake palepale miguuni pake. Wengine waliteka wakaondoka. Sikujua niwafanye nini hao.

Kuhusu wakaguzi, dereva amenieleza kabla yako. Kwamba mmenyimwa ithibati ya naitreti, na kwamba Bosi amekupeleka stoo ya vyombo. Alisema kwa sauti ya msibani. Halafu akaniambia gari lake halichukui sampuli mpya mwezi huu, limepewa kazi ya kuzunguka visima vya chumvi kimoja kimoja na barua ya onyo, na kwamba aliyeiandika ni mtu wa stoo. "Mwambie ana mwandiko mbaya," akasema, "ila watu wanausoma."

Mama barua uliyomwandikia yeye hajaisoma. Ipo juu ya kabati, huifutia vumbi na kuirudisha. Anasema mtazungumza ukija. Kwa alivyolitamka hilo "tutazungumza", ningekuwa wewe ningepanda gari linalosimama kila kituo. Mimi nimeshakusamehe baadhi. Yaliyobaki bado nayafikiria, usinikimbize.

Maji tunanunua. Chupa bado ni kazi yangu, Mama alinirudishia, aliniwekea kopo na kijiko mezani.

Kifaranga anamaliza chupa nzima na kuitazama kana kwamba imemdhulumu. Sasa hivi analia, utamsikia mpaka huko. Mama amesimama karibu naye na hamchukui. Wala mimi simchukui. Tumekuwa na tabia hii mpya, majirani watatusema: akilia hatumkimbilii. Tunainama juu yake kwanza, sote wawili, tunamwacha afungue mdomo mpaka mwisho, na tunautazama ulimi wake jinsi ulivyo mwekundu.

Mwanao,
Kimya